Mafuta ya mti wa chai dhidi ya uvundo wa nyumbani: kipimo, matumizi na mahali yasipofaa

Nyumba za mwambao hupata uvundo wake wakati wa masika: taulo huning'inia kutwa nzima bila kukauka, kabati la nguo hutoa harufu ya ukungu kila linapofunguliwa, viatu vya ngozi huota madoa ya kijivu, na pipa la jikoni lililooshwa jana hunuka tena leo. Desturi ya kufukiza udi na ubani ni nzuri na hakuna sababu ya kuiacha, lakini moshi wa chetezo hufunika harufu kwa saa chache tu, na kile kilichokuwa kikinuka huendelea kunuka chini yake. Mafuta ya mti wa chai yanaweza kufanya zaidi ya kufunika, kwa sharti kwamba yatumiwe dhidi ya harufu inayoyastahili, kwa kipimo kinachotosha, na baada ya usafi wa kawaida kukamilika, wala si badala ya usafi huo.

Mti wenyewe hauna uhusiano wowote na mchai unaolimwa Kericho au Mufindi. Jina lake la kitaalamu ni Melaleuca alternifolia, na asili yake ni eneo la kaskazini la pwani ya New South Wales nchini Australia, ambako wenyeji wa jamii ya Bundjalung walitumia majani yake kama dawa kwa vizazi vingi. Katika miaka ya 1920 mkemia Arthur Penfold, aliyefanya kazi Sydney, alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mafuta yanayopatikana kwa kupitisha mvuke kwenye majani hayo yana nguvu ya kuua vijidudu, na tangu hapo yakaingia sokoni. Siku hizi mti huo hulimwa pia nchini Kenya na wakulima wadogo walio chini ya Mlima Kenya, hivyo si kitu kigeni kabisa katika ukanda wetu.

Kiambato kinachofanya kazi kubwa ndani yake huitwa terpineni-4-oli. Kiambato hiki huharibu utando unaoizunguka seli ya bakteria au ya kuvu, hadi vilivyomo ndani yake vikavuja na seli ikafa. Ni muhimu kulielewa jambo hili kabla ya kununua chupa, kwa sababu ndilo linaloamua ni harufu ipi itakayoondoka na ipi itakayobaki. Ikiwa harufu inatengenezwa na viumbe hai, kama vile ukungu wa kabatini, bakteria wa ndani ya viatu au utelezi wa chini ya pipa, mafuta haya yana kazi ya kufanya. Ikiwa harufu inatokana na kemikali iliyokwisha kutengenezwa na kuenea, kama shombo ya samaki, moshi wa sigara au mkojo uliokaukia ndani ya godoro, mafuta hayana cha kuua, na yatakachofanya ni kuongeza harufu moja juu ya nyingine.

Kununua yaliyo halisi

Chupa nzuri huwa ya kioo cheusi au cha kahawia, ndogo, mara nyingi ya mililita 10, na huandikwa jina kamili la mti. Maneno kama "yenye harufu ya mti wa chai" yana maana kwamba ndani mna manukato, si mafuta yenyewe. Kipo kiwango cha kimataifa, ISO 4730, kinachoeleza muundo wa mafuta haya, na ukikuta kimetajwa kwenye lebo pamoja na kiasi cha terpineni-4-oli, ambacho hupaswa kuwa theluthi moja au zaidi ya mafuta yote, una sababu ya kumwamini muuzaji kidogo zaidi. Kiambato kingine, sineoli, ndicho kinachotawala harufu ya mkaratusi, na katika mafuta ya mti wa chai kinatakiwa kuwa kidogo. Kwa hiyo chupa inayonuka kama dawa ya kuchua ya mkaratusi tupu itiliwe shaka.

Jaribio moja rahisi unaweza kulifanya nyumbani: dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe na uiache hadi kesho yake. Mafuta halisi huyeyuka hewani na kuacha alama hafifu au kutoacha kabisa, ilhali yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia huacha duara linalong'aa ukiliangalia kwenye mwanga. Jaribio hili halithibitishi usafi wote, lakini hufichua udanganyifu ulio wa kawaida zaidi.

Kipimo ndicho kiini cha kazi

Maelekezo mengi yanayozunguka husema utie matone matano au kumi katika chupa ya maji. Hesabu fupi inaonyesha kasoro yake. Matone 20 hufanya takriban mililita 1, hivyo matone matano katika nusu lita ya maji ni asilimia 0.05 tu. Katika majaribio ya maabara, bakteria wengi huzuiwa na mkusanyiko wa karibu asilimia 1 au chini yake kidogo, na wapo wanaohitaji zaidi. Chupa ya matone matano inanukia vizuri, na basi. Ukitaka kazi halisi, lenga asilimia 1, yaani matone 50 katika mililita 250, ambayo ni sawa na nusu kijiko cha chai.

Kipimo hicho kinaeleza pia kwa nini siyapendekezi mafuta haya kwa kufulia. Beseni la lita 10 lingehitaji mililita 100, yaani chupa ndogo kumi kwa mfuo mmoja. Matone machache yanayotiwa kwenye maji ya kusuuzia huishia kuwa manukato ya bei ghali. Taulo linalonuka uchachu linajulikana kwa tabia yake: likiwa kavu halinuki, ila ukijifutia uso na likapata maji, uvundo hurudi palepale, kwa sababu bakteria wamebaki ndani ya nyuzi na huamka wanapopata unyevu. Dawa ya taulo hilo ni maji ya moto na sabuni, kulisuuza kwa maji yaliyotiwa nusu kikombe cha siki nyeupe, kisha kulianika kwenye jua kali hadi likauke kabisa siku hiyo hiyo. Mafuta yabaki kwa ajili ya sehemu ndogo zinazoweza kupuliziwa au kufutwa.

Kutengeneza maji ya kupulizia

Mafuta hayachanganyiki na maji, na ukiyatia moja kwa moja yataelea juu. Mpulizio wa kwanza utatoa maji matupu na wa mwisho utatoa mafuta makali yasiyochanganywa, ambayo yanaweza kuunguza ngozi au kuharibu rangi ya samani. Kwa hiyo yanahitaji kitu cha kuyashika. Chukua chupa ya kupulizia yenye ujazo wa mililita 250, mimina ndani yake mililita 50 za spiriti safi isiyo na rangi, ile inayouzwa katika maduka ya dawa kwa ajili ya kusafishia ngozi, halafu tia matone 50 ya mafuta na tikisa. Ongeza nusu kijiko cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kisha jaza maji yaliyochemshwa na kupoa, ukiyamimina taratibu ili yasitoe povu. Mchanganyiko utageuka kuwa mweupe kama maji ya kuoshea mchele. Hiyo ni dalili kwamba mafuta yamegawanyika kuwa matone madogo mno, lakini hayatabaki hivyo siku zote, hivyo chupa itikiswe kila mara kabla ya kupulizia.

Spiriti ya rangi ya zambarau inayotumiwa kuwashia majiko isitumiwe, kwani huongezewa vitu vyenye sumu visivyofaa kupuliziwa ndani ya nyumba. Nyumba zisizopenda kuweka spiriti zinaweza kuyachanganya matone 50 na vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji, kukoroga vizuri, kisha kuongeza maji polepole. Kasoro yake ni kwamba sehemu iliyofutwa kwa mchanganyiko huo hubaki na utando wa sabuni, na itabidi ipitiwe tena kwa kitambaa chenye maji safi. Kwa namna yoyote ile, tengeneza kiasi cha kutosha wiki moja au mbili tu.

Mchanganyiko wa pili ni wa unga. Nusu kikombe cha bikaboneti ya soda, ule unga laini mweupe unaokaa kwenye rafu moja na hamira, hutiwa matone 20 na kusagwa kwa uma hadi mabonge yote yaishe, kisha huhifadhiwa katika chupa ya kioo yenye kifuniko. Magadi ya mawe ya kupikia maharage si mbadala wake. Hayo ni makali zaidi, huwasha ngozi na huharibu ngozi ya viatu.

Kabati la nguo

Hapa ndipo mafuta haya yanapofanya kazi yake bora, na hapa pia ndipo watu wengi hukosea mpangilio. Toa nguo zote, pamoja na mikanda na viatu, kisha livute kabati mbali na ukuta. Mara nyingi utaona vidoa vya kijani na kijivu kwenye ubao wa nyuma, kwa kuwa upande huo haupati hewa na unyevu wa ukutani huhamia kwenye mbao. Katika nyumba kongwe za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, ambazo kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta wenyewe hunyonya na kutoa unyevu mwaka mzima, na kabati lililosukumwa hadi likaugusa haliwezi kupona kwa dawa yoyote.

Usiusugue ukungu ukiwa mkavu, kwa maana vijimbegu vyake hupeperuka na kutua kwingine, vikiwemo vifua vya watu. Uloweshe kwanza kwa maji ya sabuni, uufute kwa kitambaa, kisha ukioshe au ukitupe kitambaa hicho. Acha milango wazi hadi mbao zikauke. Baada ya hapo ndipo upulizie maji ya mafuta kwenye ubao wa nyuma, chini ya rafu, kwenye pembe na kwenye mifereji ya droo, ukiyaacha yalowe kwa muda wa dakika kumi hivi kabla ya kuyafuta. Kabati lenye vanishi lijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana, kwani spiriti inaweza kuchubua baadhi ya vanishi. Nguo zirudishwe tu pale harufu ya mafuta inapokuwa imefifia na mbao zimekauka kabisa, na ziwe zimefuliwa au angalau zimeanikwa juani, la sivyo zitarudi na ukungu ule ule. Kabati lirudishwe likiwa limeachiwa nafasi ya upana wa kiganja kati yake na ukuta.

Ukungu ukijirudia mahali pale pale ndani ya wiki mbili, tafuta maji. Kuna bomba linalovuja ndani ya ukuta, au bati lililotoboka, au ardhi ya nje iliyopanda juu kuliko sakafu ya ndani, na fundi atakusaidia kuliko chupa yoyote ya mafuta.

Viatu

Harufu ya viatu hutengenezwa na bakteria wanaovunja jasho na ngozi iliyokufa, na viatu vya shule vya raba ndivyo vinavyoongoza, kwa sababu mtoto huvivaa kutwa nzima na kuvivaa tena asubuhi inayofuata kabla havijakauka. Toa soli za ndani, zioshe kwa sabuni na uzianike. Pulizia maji ya mafuta ndani ya kiatu, hasa sehemu ya vidole, kisha kiache mahali penye upepo. Usiku, nyunyiza kijiko kimoja cha unga wa bikaboneti ndani ya kila kiatu na ukung'ute asubuhi. Viatu vya ngozi vipate unga peke yake, tena wa kiasi kidogo, kwa kuwa maji ya kupulizia huacha madoa. Ikiwezekana mtoto awe na jozi mbili za kupokezana. Siku moja ya kupumzika hukikausha kiatu vizuri kuliko mpulizio wowote. Miguu yenyewe isipakwe mafuta haya makavu, yaani yasiyochanganywa.

Pipa la taka na kona za jikoni

Pipa lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, likwanguliwe utelezi wa chini na wa kwenye ukingo wa kifuniko, ambao husahauliwa mara nyingi, kisha lianikwe juani likiwa limeinamishwa. Likishakauka, pulizia ndani, subiri, halafu nyunyiza kijiko kimoja cha unga chini kabla ya kuweka mfuko. Hii inatosha kwa siku kadhaa ikiwa vichwa vya samaki, maganda ya kamba na mabaki ya nyama hayalali humo usiku kucha.

Utaratibu huo huo unafaa kwa mpira wa mlango wa mashine ya kufulia, kishikio cha brashi ya choo, mkeka wa bafuni na kabati la chini ya sinki. Dekio lisuuzwe, likamuliwe na kuning'inizwa nje badala ya kuachwa limesimama ndani ya ndoo ya maji machafu. Bila hatua hiyo, kupulizia ni kupoteza mafuta.

Kuhusu sinki na tundu la bafuni, angalia kwanza kama bomba lililopindwa chini yake lina maji. Mpindo huo hushikilia maji ili hewa ya shimo la maji taka isipande juu, na bafu la wageni lisilotumika kwa majuma kadhaa hukauka na kuanza kunuka. Mimina ndoo ya maji, na harufu hukoma bila gharama. Kama maji yapo na bado panatoa harufu, safisha mabaki ya mafuta ya kupikia na nywele. Kumimina siki na bikaboneti kwa pamoja, kama inavyoshauriwa sana, hutoa povu la kuvutia lakini viwili hivyo huuana nguvu, na kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo.

Mahali yasipofaa

Shombo ya samaki kwenye ubao wa kukatia, mikono na sufuria huondolewa kwa ndimu au siki, kwa kuwa asidi huibadilisha kemikali inayonuka isiweze tena kuruka hewani. Mafuta ya mti wa chai hayafanyi hivyo, na zaidi ya hapo hayatakiwi kugusa chombo cha chakula. Jokofu nalo lisipuliziwe: siagi, maziwa na wali hufyonza harufu haraka, na mafuta haya hayaliwi. Lifute kwa maji ya bikaboneti na uweke humo kibakuli cha unga huo mkavu au vipande vya mkaa. Godoro lililokojolewa hunyonywa kwa kitambaa mapema iwezekanavyo, hunyunyiziwa bikaboneti na kuanikwa juani. Mafuta yakitiwa humo, mtoto atayalalia na kuyavuta puani usiku mzima.

Palipotapikiwa au palipochafuliwa na mgonjwa wa kuhara pasafishwe kwa dawa ya klorini kama wahudumu wa afya wanavyoelekeza. Sifa ya mafuta haya ya kuua vijidudu haiyafanyi kuwa dawa ya kuzuia kipindupindu.

Tahadhari na uhifadhi

Mafuta haya ni sumu yakimezwa. Kiasi kisichofika mililita 10, yaani chupa moja ndogo, kimewahi kuwafanya watoto wadogo kusinzia, kuchanganyikiwa na kushindwa kusimama. Mtoto akiyanywa, usimlazimishe kutapika. Mpeleke hospitali mara moja na uibebe chupa. Paka wako hatarini zaidi ya wanyama wengine wa nyumbani, kwa sababu ini lao haliwezi kuvunja vizuri viambato vya aina hii, na hujilamba manyoya kutwa. Mbwa pia hudhurika. Mahali palipopuliziwa pasifikiwe na wanyama hadi pakauke, na nyumba yenye paka wanaolala makabatini ni afadhali itumie siki na jua peke yake. Mwenye pumu asikae chumbani wakati wa kupulizia, na madirisha yawe wazi.

Spiriti na mafuta vyote hushika moto. Usipulizie karibu na jiko lililowashwa, mshumaa, wala chetezo chenye makaa, jambo ambalo ni rahisi kulisahau katika nyumba inayofukizwa kila jioni. Usichanganye maji haya na dawa za klorini kama Jik: klorini ikikutana na siki hutoa gesi inayochoma mapafu, na ikikutana na spiriti hutoa mivuke yenye madhara. Ukitaka kutumia vyote mahali pamoja, tumia kimoja, suuza kwa maji mengi, acha pakauke, ndipo utumie kingine siku inayofuata.

Vaa glovu unapochanganya. Watu kadhaa hupata mzio wa ngozi kutokana na mafuta haya, na hatari hiyo huongezeka mafuta yanapozeeka, kwani hewa, mwanga na joto huvigeuza viambato vyake kuwa vikali zaidi kwa ngozi. Chupa ifungwe vizuri kila baada ya kutumiwa, ikae mahali penye giza na ubaridi, juu ya kimo cha watoto, na iandikwe tarehe ya kufunguliwa. Baada ya mwaka mmoja hivi, au mapema zaidi ikiwa harufu imekuwa kali kama ya tapentaini, yasitumiwe tena. Mabaki yabaki ndani ya chupa yake, yafungwe kwenye mfuko na kutupwa pamoja na taka kavu; yasimwagwe kwenye sinki wala kwenye mtaro wa mvua, kwa sababu ni sumu kwa viumbe wa majini na mitaro yetu mingi huishia baharini.